Mzamiaji anapima mtungi wake, mgeni wa gesti anapima nini?

Nina rafiki anayefundisha watalii kuzamia kule Nungwi, Zanzibar. Ananiambia wapo wageni wanaokuja na kidude kidogo mfukoni, na kabla hawajavaa mtungi wa hewa wanaufungua kidogo na kukipitishia hewa kile kidude. Hawaangalii kama mtungi umejaa. Wanatafuta kaboni monoksidi. Baadhi ya wenyeji wao hununa, wanaona wametiliwa shaka. Mimi nasema wageni wale wana akili.

Mtungi hujazwa kwa kompresa. Kompresa ikivuta hewa karibu na ekzosi ya injini yake yenyewe, au oili yake ikipata joto kupita kiasi, gesi hiyo inaingia mtungini. Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Kiwango cha Ulaya kinataka isizidi sehemu 5 katika milioni, Wamarekani wanakubali 10. Kidogo, sivyo? Lakini ukishuka mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu, na zile 10 zinakuwa kama 40 mwilini mwako. Damu nayo inaipenda gesi hii zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo mtu anapima kwanza, halafu ndiyo anavuta pumzi.

Sasa najua mtaniuliza: ndugu, wewe uko Tunduma, bahari umeitoa wapi? Kweli, maji makubwa ya mkoa huu wa Songwe ni Ziwa Rukwa, na mamba wake hawapimi mitungi. Ila gesi ni ile ile, nasi tunalala nayo.

Wanaopafahamu huku wanajua Juni na Julai zikoje. Vwawa, Mlowo, Tunduma, kote ni juu sana kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo haijaisha moja kwa moja, hata baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa Oktoba 2019. Dereva na utingo wake wanapika kando ya lori, na usiku ukiwa mkali nimeona jiko likipandishwa kwenye kabini, vioo vimefungwa. Kwenye gesti za bei nafuu nako mgeni akilalamika baridi, analetewa jiko la mkaa chumbani. Ni ukarimu kabisa, hakuna mwenye nia mbaya.

Hapa ndipo penye tatizo. Karibu kila mtu niliyeongea naye anaogopa moshi. Kwa hiyo jiko linawashwa nje, linaachwa mpaka mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, kisha linaingizwa ndani kwa amani. Mhudumu mmoja alinihakikishia kwamba ukiweka na sufuria ya maji pembeni, hewa mbaya yote inaishia humo. Jamani! Mkaa uliokolea bila moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na maji hayainywi. Moshi angalau ungekuamsha kwa kikohozi.

Dalili zake zinatudanganya vile vile. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Huku kwetu hiyo ni malaria, au ni bia za jana. Watu wawili wakikutwa wamekufa chumba kimoja, mtaa unaanza kutafuta aliyewawekea sumu kwenye chakula, na wengine wanataja mchawi kwa jina. Tusijidharau lakini. Machi 2025 kijana wa miaka 14, mtoto wa mchezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani, alifariki akiwa hotelini Costa Rica, na mwanzoni hata huko walidhani ni chakula. Vipimo ndivyo vilivyoonyesha kaboni monoksidi, na chumba chake kilikuwa jirani na chumba cha mitambo ya hoteli. Mei 2022 watalii watatu wa Kimarekani walikufa kwa gesi hiyo hiyo kwenye hoteli ya kifahari Bahamas. Kwa hiyo si habari ya umaskini peke yake, ni habari ya kutopima.

Kengele ya betri inayolia gesi hii ikizidi huuzwa nje kwa dola 20 hadi 40 hivi. Kwa utingo ni pesa nyingi, simdanganyi. Kwa mwenye gesti ya vyumba 15 yenye televisheni kila chumba, sikubali kwamba ni pesa nyingi. Maofisa wakija gesti niliona wanaangalia leseni na daftari la wageni. Sioni ugumu wa kuongeza maswali mawili: jiko linaingia chumbani? Na jenereta imewekwa chini ya dirisha la nani? Blanketi la pili lina bei kuliko mkaa, lakini halijaua mgeni.

Asiye na kengele anayo dalili moja nzuri: kama nyote mliolala humo mnaumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo si malaria. Aliyezidiwa mtoeni nje kwenye hewa safi, mpelekeni hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii, hata bibi akisisitiza.

Mimi nikifika mapokezi huwa nauliza jenereta iko upande gani. Dada wa mapokezi anacheka kwanza, halafu ananipa chumba cha mbele.