Mwenye Kuamuru Ni Nani?

Sisi wa Kasongo tuvukao Lualaba kwa mitumbwi twajua kwamba azamaye hangoji. Basi sikilizeni habari ya Bukoba, nchini Tanzania.

Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alieleza baadaye kwamba aliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia, watu wakatoka. Kisha rubani akamwashiria avunje kioo cha mbele. Kijana akaomba chombo kwa askari wa uwanja, akapewa shoka. Lakini kabla hajapiga, mtu mwenye kipaza sauti akamzuia, akisema kwamba wanaongea na marubani na maji hayajaingia kwao. Marubani wote wawili walikufa. Jumla ya waliokufa ni 19, waliopona, 24.

Hatumlaumu mwenye kipaza sauti. Pengine alisema alivyoambiwa. Linalotusikitisha ni hili: huyu atoa shoka, yule alizuia, na kila mmoja adhani ndiye mwenye amri.

Na huku kwetu je? Mtumbwi ukipinduka, kati ya mlinzi wa kivuko, polisi na mganga wa hospitali, nani atamwita mwenzake, na nani atasikiwa? Twawaomba wakubwa wa teritwari wakutane kabla mvua haijaujaza mto, wamchague mmoja, na jina lake litangazwe kivukoni hata wavuvi walijue. Maana wao ndio watakaofika kwanza.