BARABARA SI YA MTU MMOJA



Katika mkutano wa tawi uliopita palikuwa na kelele nyingi, na kelele hizo hazikuwa juu ya mshahara. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu ambaye kazi yake ni kushona, aligongwa na lori alfajiri alipokuwa akivuka barabara kuja kazini. Alikuwa juu ya ile mistari mieupe ambayo watu huiita pundamilia. Mguu wake ulivunjika mahali pawili, na hata leo hajarudi kazini. Dereva wa lori lile naye ni mfanya kazi kama sisi. Hakuwa amelewa. Alisema kwamba gari la mbele yake lilisimama, akadhani limeharibika, akalipita. Na hapo ndipo alipomwona mama yule, naye amekwisha chelewa.

Basi katika mkutano watu wakagawanyika. Madereva walisimama wakasema: "Nyinyi mwendao kwa miguu mnaingia barabarani kama mbuzi, hamtazami huku wala huku." Waendao kwa miguu wakajibu: "Nyinyi mkishika usukani mnajiona wafalme, na honi ndiyo amri yenu." Mwenyekiti alipiga meza mara tatu ndipo watu wakanyamaza.

Sisi twasema hivi: pande zote mbili zilisema kweli, lakini kila upande ulisema ile nusu ya kweli inayomhusu mwingine. Leo twataka kila mtu asome nusu yake mwenyewe.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo hili. Katika miaka hii ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Katika hao, kundi lililo kubwa kuliko yote si wenye motokaa, wala si abiria. Ni watu waendao kwa miguu. Na hao ni akina nani? Simama asubuhi saa kumi na mbili kando ya barabara yo yote iingiayo Eneo la Viwanda hapa Nairobi, utawaona. Ni watu wanaotoka Mukuru na Kibera na kwingineko, nauli hawana au wameiweka akiba wanunue unga. Ni sisi. Mzigo huu umeangukia mabega ya wafanya kazi, na ndiyo maana chama cha wafanya kazi hakiwezi kuunyamazia.

Sasa tuseme na dereva. Ndugu Dereva, hesabu ni hii. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa, ambacho ndicho kipimo cha sheria ndani ya miji yetu, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukimwona mtu ghafula, sekunde moja hupita kabla mguu wako haujafika kwenye breki. Mita 14 zimekwisha kwenda, na breki bado hazijaanza kazi. Halafu, hata kama breki ni nzima na barabara ni kavu, utahitaji mita nyingine kama hizo kabla ya kusimama. Na mwendo ukizidi maradufu, nafasi inayotakiwa na breki haizidi maradufu tu, huzidi mara nne. Lori lenye shehena, au barabara yenye mvua, huongeza tena. Mtu aliye mbele yako hana breki, wala hana bati la kumkinga. Ana mifupa tu.

Kwa hiyo ukikaribia pundamilia, punguza mwendo kabla ya kumwona mtu, si baada ya kumwona. Mtu akiwa amekwisha tia mguu pale, sheria imempa yeye njia; si hisani yako, ni haki yake. Honi si breki. Kumpigia honi mzee aliye katikati ya barabara ni kumtisha tu, naye akitishika huenda akarudi nyuma pale pale unapotaka kupita. Tena lile kosa lililomvunja mguu mwenzetu tulikumbuke sana: gari la mbele likisimama kwenye kivuko, usilipite kamwe. Jiulize kwanza limesimama kwa sababu gani. Mara nyingi sababu ina miguu miwili.

Sasa tuseme na sisi tuendao kwa miguu, maana haitupasi kujificha nyuma ya haki. Haki ni yako, lakini haki haizuii lori. Hapa kwetu magari hushika upande wa kushoto, basi litakalokufikia kwanza hutoka mkono wako wa kuume. Tazama kuume, tazama kushoto, tazama kuume tena, ndipo uvuke. Usitokee ghafula mbele ya matatu iliyosimama. Dereva anayekuja nyuma yake hana macho ya kupenya bati. Ukifika mwisho wa gari lililokusimamia, chungulia kwanza, maana huenda mwingine anakuja upande wa pili asiyejua kwa nini mwenzake amesimama. Mtafute dereva kwa macho. Akikuona nawe ukajua amekuona, hapo mna mapatano. Simu itie mfukoni mpaka ufike ng'ambo, habari itakungoja. Na alfajiri au usiku, mwenye koti jeusi ni kama hayupo. Kipande cha kitambaa cheupe begani si fedha nyingi.

Yako pia madaraja ya juu ya waendao kwa miguu. Barabara ya Thika ilipofunguliwa upya mwaka 2012, pana na ya mwendo mkali, watu wengi waligongwa wakiivuka, na madaraja hayo yalikuwa bado hayatoshi. Leo yapo mengi zaidi, lakini bado twaona watu wakikimbia chini yake. Lililo karibu nawe, na ambalo ni salama, lipande, hata kama miguu imechoka. Lakini hatutamtukana mtu akataaye daraja lililo giza ambamo wanyang'anyi humngoja, au lililo mbali hata alifikie baada ya nusu saa. Huyo hana ukaidi. Amepewa kuchagua kati ya hatari mbili.

Hapa twafika kwenye swali lililotugawa mkutanoni: Je, sehemu zetu ni sawa? Jibu letu ni hapana. Kushirikiana wajibu si kugawana nusu kwa nusu. Watu wawili wakibeba gunia, mwenye nguvu hushika upande mzito. Mwenye kuendesha chuma cha tani nyingi ana uwezo wa kuua. Aendaye kwa miguu, akikosea, mara nyingi hujiua mwenyewe. Basi sehemu iliyo kubwa ni ya dereva, na iliyobaki ni yetu, na hakuna aliye na sehemu ya bure. Mahakama zetu nazo hufanya vivyo hivyo. Kesi ya mtu aliyegongwa ikifika mbele ya hakimu, hutazama kila mmoja alikosa kiasi gani, akagawanya lawama katika sehemu mia, na fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa la aliyeumia. Lakini hakimu hugawanya lawama mtu amekwisha lala hospitali au kaburini. Sisi twataka wajibu ugawanywe kabla, barabarani, kila asubuhi.

Tena yuko mtu wa tatu ambaye hakutajwa katika kelele zile, na kutotajwa kwake kumempendeza sana. Huyo ni tajiri. Nani humpa dereva safari nyingi kuliko saa za siku? Nani humlipa kwa safari badala ya kwa mwezi, hata kila dakika ya kusimama kwenye kivuko ikawa imetoka mfukoni mwake? Mwenye matatu hudai hesabu yake ya siku, njia iwe na msongamano au isiwe. Sheria ya Usafiri Barabarani yakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni wangapi kati yenu mlioisikia sheria hii? Ni wangapi tajiri wenu ameibandika ukutani? Dereva aliyelala saa tatu tu haoni pundamilia, huona ukungu. Basi madereva wasidhani twawasema ili tuwaonee. Twataka kupigania saa zao, na saa hizo ndizo zitakazookoa miguu yetu.

Na lango la kiwanda je? Mamia ya watu hutoka kwa king'ora kimoja na kumwagika barabarani mahali pasipo taa wala mstari. Na mistari ikiwapo, imefutika hata dereva mgeni hawezi kujua kuna kivuko. Halmashauri za barabara, za mijini na za barabara kuu, ziliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na kazi hizi ni zao. Rangi nyeupe na matuta si mambo makubwa ya kushinda serikali.

Liko jambo jingine wanachama wengi hawalijui. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humhesabu aliyeumia akiwa ndani ya gari ambalo tajiri ametoa bure kumpeleka kazini kwamba ameumia kazini. Aendaye kwa miguu hana hakika hiyo. Aliye maskini zaidi, asiyepewa gari, ndiye aliye mbali zaidi na fidia. Mama yetu wa cherehani anajua maana yake kila siku ya kodi ya nyumba inapofika.

Kwa hiyo Kamati ya tawi imependekeza mambo manne, nasi twayaunga mkono.

1. Katika mapatano yajayo na matajiri, tudai usafiri wa zamu za usiku na alfajiri, au bima kwa waendao kwa miguu.

2. Tudai saa za dereva zifuate sheria, na asiadhibiwe dereva ye yote kwa kuchelewa kwa sababu alipunguza mwendo au alisimama kwenye kivuko.

3. Kila tawi liandike orodha ya malango yasiyo na kivuko, na ya vivuko vilivyofutika, na barua ipelekwe kwa wahusika ikiwa na sahihi zetu.

4. Madereva wawili na waendao kwa miguu wawili wachaguliwe katika kila tawi, wasimame pamoja langoni siku za kwanza za kila mwezi, wawaonye wenzao wa pande zote mbili.

Wako watu wasemao kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo yamezika watu wengi. Radi labda haina kinga, lakini lori lina breki, mtu ana macho, tajiri ana kalamu, na serikali ina rangi. Kila mmoja akitumia alicho nacho, mama wa watoto watatu atavuka barabara na kurudi nyumbani jioni.

Dereva yule alikuja ofisini kwetu juma lililopita. Aliomba tumpeleke hospitali akamwone mama yule, nasi tukampeleka. Walizungumza muda mrefu. Hatukusikia wakigombana kama tulivyogombana sisi.

Umoja ni nguvu.

Mhariri