Gati la Mbamba Bay lisiizibe ghuba

Dagaa ninaowauza Songea mjini huanikwa kwenye chanja za Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Kwa hiyo nikizungumzia bandari mpya, ile ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi mwaka 2024, nazungumza kama mtu mwenye maslahi. Bandari naitaka. Barabara ya lami kupitia Mbinga tunayo, na mizigo ya Malawi ikianza kupita huku hata mama lishe wa stendi atapata chake. Ninachokiogopa ni kifusi.

Wenzetu wa Mombasa yamewakuta. Enzi za mkoloni walijaziwa tuta pale Makupa ili watu wavuke kutoka kisiwani kwenda bara, na njia ya maji kati ya Tudor na Port Reitz ikakatika. Maji yakawa yanaingia na kutokea mlango uleule, na jirani yake likakua jalala la Kibarani. Mwaka 2022 Kenya ikafungua daraja la mita 457 mahali palepale ili tuta lifukuliwe na maji yapite tena. Yaani kulipia kujaza, halafu kulipia kufukua!

Na hao wana bahari inayokupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua maji hupanda mita tatu na ushee. Ziwa Nyasa halina msaada huo. Maji ya ghuba yetu husukumwa na upepo, hasa mwera, unaovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Mei hadi Agosti. Upepo ukilala, maganda ya mihogo yaliyotupwa asubuhi utayakuta jioni yanaelea palepale kati ya mitumbwi, yamezungukwa na povu la sabuni. Ziwa lenyewe lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Shire, kule Malawi. Uchafu ukishaingia hauna haraka ya kuondoka.

Wahandisi watasema meli zinahitaji ukuta wa kuzuia mawimbi. Sawa, mwera si wa mchezo. Lakini gati lisimame juu ya nguzo, na ukuta uachiwe mapengo upande unaopita mkondo. Mkondo wenyewe wavuvi wanaujua, maana ndio unaoburuta nyavu zao. Waitwe sasa wakae na wachora ramani, wasingojwe siku ya uzinduzi kuja kupiga makofi.

Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa na baraza la mazingira, NEMC, nao wapime mwendo wa maji na oksijeni ndani ya ghuba wakati ujenzi ukiendelea, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili. Wabunge wa Ruvuma, hilo mliulize bungeni kabla kifusi hakijamwagwa.