Mwenye parsele, acha mpangaji apande hibiskusi

Barumbu kuna neno ambalo wapangaji wengi wanaambiwa siku ya kuingia nyumba: "Panda lengalenga, panda muhogo, lakini mti usipande." Mwenye parsele anaogopa kwamba aliyepanda mti, kesho atasema udongo ni wake. Woga huo ninauelewa. Tangu Februari 2023, ugomvi wa udongo kati ya Wambole na Walengola ulipowaka Lubunga, jamaa nyingi zilikimbia, zikaacha nyumba na mashamba. Sasa kila mtu anachunga mpaka wake.

Lakini maoni yangu ni haya: hibiskusi isihesabiwe kati ya miti inayokatazwa.

Ni ule mti mfupi wa maua mekundu, ndugu ya ngaingai tunayopika. Unabaki kijani mwaka mzima, na hapa karibu na ikweta mvua yenyewe inaunywesha. Hauombi pesa. Jirani akipunguza lupango yake, mwombe matawi. Kata vipande vya sentimita 20 hivi, toa majani ya chini, chomeka nusu ndani ya udongo, kimoja kila nusu ya hatua. Chunga mbuzi wasivile. Vikishika, kata vichwa ili vitoe matawi ya pembeni. Polepole mama ataoga bila macho ya wapita njia, na watoto watacheza mbali kidogo na pikipiki.

Mwenye parsele, maua si karatasi. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mjini haki ya mtu juu ya parsele inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Hibiskusi haiwezi kukunyang'anya cheti chako.

Nanyi ndugu mliokimbia, msipande kwa siri. Lupango iliyopandwa usiku inaleta maneno asubuhi. Mwite mwenye parsele, mwite na jirani wa upande wa pili, vuteni kamba pamoja mbele ya shefu wa mtaa. Andikeni mistari miwili: nani amepanda, na kwamba udongo unabaki wa mwenyewe.

Ugomvi uliotufukuza ulianzia kwenye udongo ambao watu hawakupatana juu yake. Mpaka huu mdogo, wa maua, tupatane juu yake kwanza, kisha tupande.