Deraya inayoelea na lililowakuta askari mbele ya kisiwa cha San Clemente



Tumeletewa suali na mzazi mmoja wa Pemba. Wanawe wameona kwenye simu picha za gari la vita la Marekani likitoka tumboni mwa meli, likaingia baharini, kisha likapanda ufukweni na kuendelea na njia yake. Vijana wakamwambia baba yao kwamba lau Zanzibar ingekuwa na magari hayo, wengi waliokufa katika Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012 wangeokolewa. Mzazi anauliza kama maneno yao yana ukweli. Suali si la fiqhi, lakini nyumba nyingi za visiwa hivi zina msiba wao katika bahari ile, kwa hiyo tumeona tulijibu kwa kirefu kidogo.

Gari lenyewe huitwa AAV7, na lilianza kazi katika jeshi la Marine la Marekani mwaka 1972. Ni deraya ya aluminiamu inayokwenda kwa minyororo kama kifaru, ina uzito wa tani 26 hivi, na imeundwa kubeba askari 21 pamoja na wahudumu wake 3. Nchi kavu hukimbia kiasi cha kilomita 70 kwa saa. Majini husukumwa na jeti mbili za maji zilizoko nyuma, na hapo mwendo wake hauzidi kilomita 13 kwa saa. Boti ya uvuvi yenye mashine nzuri hulipita. Halina mkuku wala umbo la chombo. Linaelea kwa kuwa bodi lake limezibwa, na sehemu kubwa ya bodi hilo iko chini ya maji muda wote. Maji yakipenya, na kidogo hupenya kila safari, pampu nne huyafua na kuyatupa nje. Mvuvi wa ngalawa anaijua hesabu hii: chombo huishi maadamu kufua kunashinda kuvuja.

Vijana hawakukosea kabisa. Asili ya magari haya ni uokoaji. Katika miaka ya 1930 mhandisi Donald Roebling wa Florida alitengeneza gari la minyororo liendalo majini na kinamasini, ili kuwafikia watu waliokwama baada ya vimbunga vilivyolipiga jimbo lile. Mwaka 1937 jarida la Life likalitangaza, maofisa wa Marine wakaliona, na likageuzwa kuwa chombo cha vita.

Sifa yake ilipatikana Tarawa, Novemba 1943. Kile ni kisiwa kilichozungukwa na mwamba, na siku hiyo maji yalikuwa mafu, hayakujaa. Mashua za kawaida za kushushia askari zilikwama juu ya mwamba, na watu wakalazimika kuteremka na kutembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Magari ya minyororo yalipita juu ya mwamba ule, ingawa mengi yaliharibiwa kabla ya kumaliza kazi. Katika siku tatu Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa, na kikosi cha Wajapani kiliangamia karibu chote. Mtu wa Makunduchi au Jambiani hahitaji kuelezwa habari ya bamvua na maji mafu. Wapangaji wa vita ile walihitaji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo picha za kwenye simu hazilionyeshi. Tarehe 30 Julai 2020, gari moja la AAV lilikuwa likirudi melini kutoka kisiwa cha San Clemente, California, likiwa na watu 16. Magari ya kikosi kile yalikuwa na umri wa miongo kadhaa, na yalitolewa miongoni mwa yale yaliyowekwa kando kwa ubovu. Njiani giaboksi likafa. Gari likasimama, pampu zikashindwa kuyatoa maji, na maji yakaendelea kupanda. Utaratibu ulitaka watu waanze kutolewa maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu. Hawakutolewa. Walikaa kiasi cha dakika 45 wakingoja msaada, na hapakuwa na boti ya uokoaji karibu. Ndani ilikuwa giza, taa za dharura hazikufanya kazi, wakatafuta mlango kwa mwanga wa simu zao. Gari jingine lilipokuja kusaidia liligongana nalo, likaligeuza ubavu, wimbi likaingia kupitia kifuniko kilichokuwa wazi. Likazama hadi kina cha zaidi ya mita 100. Walikufa 9, wanane wa Marine na mmoja wa jeshi la majini.

Uchunguzi wa jeshi lenyewe haukumlaumu adui wala bahari. Ulitaja matengenezo mabovu, na mafunzo ya kutoka ndani ya gari lililozama ambayo baadhi ya askari hawakuyakamilisha. Maofisa kadhaa waliondolewa kwenye nafasi zao. Mwishoni mwa 2021 magari hayo yakazuiwa kuingia majini isipokuwa kwa dharura, na mahali pake yakaja magari mapya ya magurudumu, ACV. Nayo pia, Julai 2022, mawili yaliharibikiwa kwenye mawimbi ya pwani ya California na moja likalala ubavu. Hapo hakuna aliyeumia.

Haya yamelipata jeshi lenye fedha kuliko majeshi yote duniani. Ndiyo sababu tunapowasoma wale 16 tunawakumbuka abiria wetu. Spice Islander ilipakia kupita kiasi, na kulikuwa na watu gatini walioona na wengine waliosema. Katika fiqhi mwenye kukabidhiwa roho za watu akizembea hubeba dhamana, na neno "ajali" peke yake halimwondolei. Hilo tunalisema kwa mapana yake, si kumhukumu mtu kwa jina.

Kwa mzazi aliyetuuliza: kutoka Nungwi hadi kusini ya Pemba ni takriban kilomita 50 za mkondo mkali na kina kirefu. Gari hili, likiwa zima na bahari ikiwa shwari, lingechukua karibu saa nne kuuvuka mkondo huo. Waliokuwa wakielea juu ya magodoro na mapipa alfajiri ile ya Septemba walihitaji boti za kasi zenye mafuta ndani na nahodha aliye macho, na jaketi la kuokolea kwa kila abiria kabla kamba haijafunguliwa gatini. Waambie wanao waendelee kuangalia picha, hakuna ubaya. Ila mara nyingine mkipanda meli ya Mkoani, wakuonyeshe jaketi lao liko wapi.