Bawa Kwanza, Mota Baadaye



Kila likizo ya shule inapokaribia, safu hii huletewa swali lile lile kwa sura nyingi: tuwape watoto kazi gani ya mikono itakayowatoa kwenye simu bila ya kuifilisi nyumba? Juma hili mama mmoja ametuuliza khasa kuhusu ndege ya rimoti. Mwanawe wa kiume na dada yake wameitaka, na baba yao ameona bei yake ni nzito. Mama mwenyewe haogopi fedha peke yake. Anachohofu ni kwamba ndege itaanguka siku ya kwanza, na pamoja nayo iangushe hamu ya watoto ya kujaribu jambo jingine.

Hofu hiyo ina msingi. Ndege ya kununuliwa ikiwa tayari huvunjika kwa sekunde moja, na mtoto asiyejua ilivyojengwa hajui kuitengeneza. Hununuliwa bawa, kisha mkia, kisha betri. Na wazee wetu walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Jawabu letu ni kuwa ndege hiyo yaweza kujengwa nyumbani, na kwa gharama ndogo, iwapo mpangilio mmoja utafuatwa: lijengwe bawa kwanza, lirushwe kwa mkono mpaka lielee vyema, ndipo inunuliwe mota.

Mpangilio huu si wetu. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walianza na tiara kubwa mwaka 1899. Katika miaka ya 1900, 1901 na 1902 walijenga ndege za kuelea zisizo na injini, wakazijaribu kwenye vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk. Walipokwisha kujifunza kuziongoza ndipo walipotia injini, wakaruka tarehe 17 Disemba 1903. Safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12 tu, lakini nyuma yake kulikuwa na mamia ya safari zisizo na injini.

Karne nyingi kabla yao, huko Kordoba katika Andalusia, aliishi mwanachuoni Abbas ibn Firnas. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, anasimulia kuwa alijivika manyoya, akajifunga mabawa, akaruka kitambo hewani. Lakini alipotua aliumia mgongo, kwa sababu hakujitengenezea mkia. Watoto wasimuliwe kisa hiki kabla ya kushika mkasi, kwani ndani yake mna somo la nusu ya ujenzi wote: bawa hubeba, mkia hutuliza.

Sasa tuingie kazini. Ndege ya kuelea ni ile yenye mabawa marefu na uzito mdogo, iwezayo kuteremka polepole hata mota ikizimwa. Chombo cha kujengea ni ubao mwepesi wa povu wenye karatasi pande zote mbili, ule ambao wanafunzi hubandikia kazi zao za maonyesho, wa unene wa milimita 5. Ongezeni gundi ya moto, selotepu pana, kisu cha kukatia karatasi, vijiti vya mishikaki, raba bendi chache na fito mbili nyembamba za mwanzi.

Bawa zima liwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 18, likatwe kwa nusu mbili za sentimita 60. Juu ya kila nusu bandikeni tabaka la pili la ubao lenye upana wa sentimita 9, lifunike sehemu ya mbele. Tabaka hilo hulipa bawa unene na nguvu. Chini yake bandikeni ufito wa mwanzi kwa urefu wote. Kisha lazeni nusu moja mezani, inueni ncha ya nusu ya pili kwa sentimita 12, ndipo muziunganishe. Bawa lililokunjwa hivyo mfano wa herufi V iliyo wazi hujirudisha lenyewe likiinama upande. Maungio ya katikati yatiwe kiraka na selotepu juu na chini, kwani hapo ndipo bawa huvunjika.

Mkia wa kulala uwe wa sentimita 43 kwa 10, na mkia wa kusimama wa sentimita 15 kwenda juu na 12 upana. Katika kila mmoja, kateni ukanda wa nyuma wa sentimita 3 au 4 kisha muurudishe kwa selotepu iwe kama bawaba. Hizo ndizo sukani mbili: ya mkia wa kulala hupandisha na kushusha pua, na ya mkia wa kusimama hugeuza ndege kushoto na kulia. Kiwiliwili ni sanduku jembamba la ubao huo huo, la urefu wa sentimita 90, na bawa likae sentimita 20 nyuma ya pua. Bawa lisigundishwe, lifungwe kwa raba bendi zilizopitishwa kwenye vijiti vya mishikaki. Ndege ikijigonga, bawa huchomoka badala ya kuvunjika.

Akina mama wanaoshona watatambua mara moja kuwa kazi hii ni ndugu wa cherehani. Chorwe kigezo cha karatasi kwanza, kipimwe mara mbili, kikatwe mara moja. Binti aliyezoea kukata nguo atakuwa fundi hodari, na wala asiachwe kando kwa dhana kuwa ndege ni mchezo wa wavulana.

Baada ya hapo ndipo hufika saa ya mizani. Sehemu za umeme bado hazijanunuliwa, basi badala yake tieni puani kifuko cha mchanga cha gramu 150 hivi, kikipimwa kwa mizani ya jikoni. Inueni ndege kwa vidole viwili vilivyowekwa chini ya bawa, sentimita 5 au 6 kutoka ukingo wake wa mbele. Ikitulia sawasawa, au pua ikiinama kidogo, ni njema. Mkia ukishuka, ongezeni mchanga. Ndege yenye pua nzito huruka kwa shida; yenye mkia mzito huanguka.

Itupeni asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka, juu ya majani, kwa mkono ulio sawa na bega na kwa nguvu ya wastani. Ikiinua pua, ikasita kisha ikadondoka, ongezeni uzito mbele. Ikipiga mbizi, punguzeni, au inueni kidogo usukani wa mkia wa kulala. Badilisheni jambo moja tu kila mara, na mtoto aandike daftarini alichobadilisha na hatua ngapi ndege ilikwenda. Inapoelea kwa mstari ulionyooka na kutua kwa tumbo, imefaulu. Hadi hapa nyumba imetumia fedha za ubao, gundi na selotepu tu.

Hatua ya umeme ndiyo yenye gharama, na kabla ya kuinunua pana swali la kisheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 juu ya vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Mzazi na aulize huko kwanza ni idhini gani inayohitajika na ni wapi panaporuhusiwa, khasa kwetu sisi tunaoishi karibu na viwanja vya ndege vya Mombasa, Malindi, Ukunda na Lamu. Jibu likichelewa, watoto waendelee kutupa kwa mkono.

Idhini ikipatikana, hununuliwa mota ndogo isiyo na brashi ya gramu 50 hivi, kidhibiti cha mwendo wake, sevo mbili za gramu 9 za kuvuta sukani, kipokezi na rimoti, na rafadha yenye mapanga yakunjikayo, ambayo hulala mota ikizimwa isizuie hewa. Ndege nzima isizidi gramu 500. Ondoeni mchanga, wekeni betri puani, kisha mrudie mizani kwa vidole viwili. Faraja ni kwamba ubao ukivunjika, vifaa hivi huhamishiwa ndege ya pili. Aidha, kila zinapojaribiwa sukani nyumbani, rafadha ivuliwe. Na uwanjani vidole, shungi na mitandio iwe mbali nayo.

Kuhusu betri hatuna budi kusema kwa mkazo. Betri ya lithiamu ya seli tatu, ya volti 11.1 na milliampia-saa 1000, ni nyepesi na ina nguvu nyingi, lakini ikitendewa vibaya huwaka moto mkali. Ichajiwe kwa chaja yake inayosawazisha seli, kwa ampia 1, na hilo huchukua kama saa moja. Kila seli isivuke volti 4.2, wala isiachwe kushuka chini ya volti 3. Ichajiwe juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na mapazia, mikeka na magodoro, na mtu mzima awepo. Isichajiwe usiku watu wamelala, wala isiachwe ndani ya gari juani. Ikivimba au ikitobolewa, haitumiki tena. Jambo hili ni la mzazi, asiachiwe mtoto.

Siku ya kuruka, mota iwashwe kwa sekunde 20 au 30, ndege ipande ikielekea upepo unakotoka, kisha izimwe. Ndege ya namna hii, ikisawazishwa vyema, hushuka takriban mita moja kwa sekunde. Basi kutoka urefu wa mita 50 humpa mtoto karibu dakika moja ya utulivu kamili. Mahali mwewe anapozunguka bila kupiga mabawa, hapo hewa ya moto inapanda, na dakika hiyo yaweza kurefuka. Mwambao wenyewe uepukwe: mchanga huingia ndani ya mota na chumvi hula nyaya.

Pengine mtu atasema huu ni mchezo tu. Mwaka 1973, huko Wels nchini Austria, iliruka ndege ya kwanza ya umeme iliyobeba mtu. Ilikuwa ndege ya kuelea iliyotiwa mota, na aliyeibuni, Fred Militky, alikuwa kwanza mtengenezaji wa ndege ndogo za umeme za kuchezea.

Kwa mama aliyetuuliza, shauri letu ni hili: mnunulie ubao juma hili, na fedha za mota ziwekwe kando. Likizo ikiisha watoto wakiwa na ndege ya kutupa kwa mkono na daftari lililojaa vipimo, hapakupotea kitu. Na siku itakapoanguka, maana ndege zote za kujifunzia huanguka, watajua wenyewe wapi pa kutia gundi.

Hadi juma lijalo, inshallah. Wassalaam.