Nyama za Paja na Haraka ya Ratiba

Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu, na kwa wanasoka na wakimbiaji wa mbio fupi unaoumia zaidi ni ule wa upande wa nje. Huchanika mchezaji akiwa katika kasi ya juu, muda mfupi kabla mguu haujakanyaga: goti linanyooka, na msuli unavutwa huku wenyewe ukikaza kuuzuia mguu. Hakuna aliyemgusa. Derek Redmond wa Uingereza aliumia hivyo akikimbia nusu fainali ya mita 400 kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992.

Uchunguzi wa UEFA katika klabu kubwa za Ulaya unaonyesha kwamba msimu wa 2001/02 jeraha hili lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Kufikia 2021/22 lilikuwa asilimia 24. Hizo ni klabu zenye fedha, madaktari na mashine za kila aina. Tatizo, basi, si uhaba wa vifaa peke yake.

Utambuzi huanza kwa maswali. Aliyesikia mchomo wa ghafla na kusimama papo hapo hayuko sawa na aliyehisi paja likikaza taratibu tangu mapumziko. Daktari hupapasa kuanzia mfupa wa kalio kushuka chini, huinua mguu ulionyooka na kuulinganisha na mwenzake, kisha hupima nguvu ya kukunja goti. Ni lazima pia ahakikishe kwamba maumivu hayatoki kwenye neva za mgongoni, na kwamba kano haijang'oka mfupani, kwani hapo huenda upasuaji ukahitajika. Kipimo cha MRI huonyesha kama mchaniko umeingia ndani ya kano, hali inayochelewesha kupona. Lakini kuhusu siku ya kurejea uwanjani, picha huongeza machache tu juu ya yale ambayo mikono ya daktari imekwisha kuyajua.

Siku za kwanza ni za kufunga bandeji na kupunguza mwendo. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu, mazoea yasiyokwisha viwanjani, huzidisha kuvuja kwa damu. Hata barafu imepoteza heshima yake ya zamani: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ushauri wa barafu na mapumziko mwaka 1978, aliandika mwaka 2014 kwamba vyote viwili vinaweza kuchelewesha uponaji. Sindano za chembe sahani za damu, ghali kama zilivyo, hazikushinda maji ya chumvi katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014.

Kinachosaidia ni mazoezi. Katika utafiti wa Sweden wa mwaka 2013, wanasoka waliopewa mazoezi ya kuimarisha msuli ukiwa umerefushwa walirejea kwa wastani wa siku 28. Wenzao wa mazoezi ya kawaida walihitaji 51.

Hata hivyo wastani si ruhusa ya kucheza. Mchezaji yuko tayari msuli usipouma ukibonyezwa, nguvu za miguu yote miwili zikikaribiana, na akiweza kurudia mbio za kasi kamili mazoezini bila woga. Jeraha la kurudia humweka nje muda mrefu zaidi kuliko la kwanza, na mara nyingi hutokana na mechi moja iliyoonekana haiwezi kusubiri. Klabu zimpe daktari neno la mwisho, na ziliandike kwenye mkataba wa kocha.